Mwanga, anga, upinde wa mvua na radi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeyapata kwa miaka mingi, mengine kwa wanafunzi wangu wa fizikia, mengine kwa majirani tukiwa tumekaa barazani jioni, mengine kwa kina mama sokoni wakishajua nafundisha sayansi. Karibu yote yanajibika ukianza na swali moja dogo tu: huu mwanga umepita wapi kabla haujafika jichoni kwangu? Hilo swali likae kichwani ukiwa unasoma. Na pale nitakaposema jaribu, naomba ujaribu kweli, vifaa vyenyewe ni glasi, beseni, maziwa, tochi ya simu, hakuna cha kununua dukani.

Mbona anga la mchana ni bluu wakati hewa yenyewe haina rangi?

Mwanga wa jua tunauona mweupe lakini umebeba rangi zote ndani yake, kuanzia nyekundu mpaka urujuani. Ukiingia kwenye hewa unakutana na molekuli za naitrojeni na oksijeni, na hizi ni ndogo sana kuliko wimbi la mwanga lenyewe, sasa vitu vidogo kiasi hicho vina tabia ya kutawanya mawimbi mafupi kuliko marefu. Bluu ina wimbi fupi, nyekundu ina wimbi refu, na tofauti yake ni kubwa, bluu inatawanywa zaidi ya mara 4 ukilinganisha na nyekundu. Mwingereza mmoja anaitwa Lord Rayleigh ndo aliipigia hesabu mwaka 1871. Kwa hiyo ukiinua macho ukatazama upande ambao jua halipo, mwanga unaokufikia ni ule uliokuwa unaenda zake kwingine, ukagongwa njiani, ukageuzwa kuja kwako, na mwingi wake ni bluu.

Watu wanauliza, mbona sio urujuani basi, si ndo wimbi fupi kuliko zote? Swali zuri. Jua linatoa urujuani kidogo kuliko bluu, halafu macho yetu hayaioni vizuri hiyo rangi.

Na kuna jibu moja limezoeleka mpaka watu wazima wanalirudia, kwamba anga limechukua rangi ya bahari. Hapana. Nenda Dodoma, bahari iko mamia ya kilomita na anga ni bluu kabisa. Bahari yenyewe ina sababu yake, maji yanakunywa nyekundu kidogo kidogo kadiri mwanga unavyozama, ndo maana kwenye mchanga mweupe na maji ya kiuno unaona kijanibluu cha kupendeza alafu kwenye mkondo wa kina panakuwa bluu nzito.

Jaribio: jaza glasi maji, tia matone machache ya maziwa, koroga, zima taa, piga tochi ya simu kutoka pembeni. Ukitazama kwa ubavu maji yana ubluu hafifu. Ukitazama tochi kupitia maji, yani tochi ng'ambo na jicho lako huku, imekuwa ya njano kuelekea chungwa. Hapo una mchana na magharibi ndani ya glasi moja.

Na jioni inakuwaje nyekundu?

Glasi ileile. Jua likiwa utosini mwanga wake unakata hewa kwa njia fupi, likiwa linazama mwanga unapita kwenye hewa kwa mshazari, hewa nyingi zaidi ya mara 30. Njia yote hiyo bluu inamwagwa pembeni inakwenda kuwa anga la mchana la watu wengine, kinachobaki kukufikia ni chungwa na nyekundu. Vumbi na moshi vinaongeza, msimu wa kuchoma mashamba kabla ya mvua jua linazama kama kaa la moto na unaweza ukaona mduara wake wote umekatwa vizuri. Ila usilikodolee macho hata kama limepoa hivo.

Ni kweli jua linakuwa limeshazama wakati bado tunaliona?

Kweli, na hili huwa linawashangaza watu kuliko mengine yote. Hewa inaupinda mwanga kidogo, jua lililo kwenye upeo wa macho linaonekana limeinuliwa kama nusu nyuzi, na upana wa jua wenyewe ni hiyohiyo nusu nyuzi. Kwa hiyo ukisimama ufukweni ukaona ukingo wa chini wa jua umegusa maji, jua lenyewe lishashuka chini ya upeo, unachokiona ni mwanga uliopindishwa na hewa ukapita juu ya mgongo wa dunia. Halafu ongeza na hii, mwanga umetoka kwenye jua dakika 8 na sekunde 20 hivi zilizopita, maana kutoka huko ni kilomita milioni 150 na mwanga unakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde.

Mbona kwetu giza linaingia ghafla, na ndugu zetu wa Uingereza wanasema saa 3 usiku bado kweupe?

Kwetu karibu na ikweta jua linashuka karibu wima, linadumbukia moja kwa moja, kwa hiyo muda mfupi tu baada ya magharibi ni giza. Kule kaskazini jua linashuka kwa kulala, linateleza pembeni ya upeo kabla halijazama, giza linachelewa. Mwezi Juni London jua linazama saa 3 na dakika 20 hivi usiku kwa hesabu yetu, na waliofunga Ramadhani ya kiangazi huko wanajua maana yake.

Na hii ndo sababu saa zetu za Kiswahili zinafanya kazi. Tunaanza kuhesabu saa 1 baada ya jua kuchomoza, na kwa kuwa kuchomoza kwake hakuchezi sana mwaka mzima, hesabu haivurugiki. Ungeipeleka London ingekuwa fujo.

Upinde wa mvua unatokeaje, na kwanini huwezi kuufikia?

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu napapenda.

Tone la mvua linaloanguka ni kama kigololi cha maji. Mwanga wa jua unaingia kwa mbele, unapinda, unakwenda kugonga ukuta wa nyuma wa tone, unarudi, na wakati wa kutoka unapinda tena. Kila rangi inapinda kwa kiasi chake, nyekundu kidogo, urujuani zaidi, ndo maana zinaachana. Na mwanga mwingi unatoka kwenye tone kwa pembe moja maalumu, kama nyuzi 42 kutoka kwenye mstari unaoanzia kwenye jua, kupita kichwani kwako, mpaka kwenye kivuli cha kichwa chako. Matone yote yaliyo kwenye hiyo pembe yanakurushia rangi, na ukiyaunganisha yanafanya duara. Ardhi ndo inalikata tukaona upinde tu, walioko kwenye ndege wakati mwingine wanaliona duara zima.

Kutokana na hilo unapata mambo mengi bure. Jua lazima liwe mgongoni kwako. Asubuhi upinde uko magharibi, jioni uko mashariki, siku zote. Saa 6 mchana hutaona upinde angani kwa sababu jua likipanda juu ya nyuzi 42 upinde wote unakwenda chini ya upeo, huku kwetu maana yake utafute kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 9 na nusu alasiri. Ukitaka wa saa 6, shika mpira wa kumwagilia bustani, ziba mdomo wake kwa kidole maji yatawanyike, geuza mgongo wako kwa jua na utazame chini kwenye manyunyu.

Kuufikia huwezi kwa sababu hauko mahali. Ukisogea, matone yanayokutumia rangi yanabadilika, unakuwa upinde mwingine. Mtu aliyesimama pembeni yako anapata rangi kutoka kwenye matone mengine, yani mko wawili na kila mmoja ana upinde wake. Nikiwa mdogo tulikatazwa kuunyooshea kidole, na nilipokuja kuelewa kwamba ule niliokuwa nauona ulikuwa wa macho yangu tu, nilikaa kimya muda mrefu.

Angalia pia juu ya upinde mkuu, mara nyingi kuna wa pili hafifu, kwenye nyuzi 51 hivi, na rangi zake zimegeuzwa, nyekundu iko ndani. Huo ni mwanga uliogonga mara 2 ndani ya tone. Na anga lililo katikati ya hizo pinde mbili ni jeusi kuliko pembeni, likague siku ukiuona.

Aliyefumbua hili la tone mapema ni Kamal al-Din al-Farisi, Mwajemi, mwanzoni mwa miaka ya 1300. Alichukua chupa ya kioo ya mviringo akaijaza maji, akaifanya ndo tone lake kubwa, akafuatilia mwanga unaingilia wapi na kutokea wapi. Miaka hiyohiyo kule Ujerumani Theodoric wa Freiberg alifika palepale kwa njia yake, bila mmoja kumjua mwenzake.

Mvua ikinyesha na jua linawaka, fisi anazaa?

Wengine wanasema simba, inategemea umekulia wapi. Ni mawingu ya pisha pisha tu, wingu liko juu yako na jua linapenya pembeni, au upepo umeyasukuma matone kutoka kwenye wingu la jirani. Ukiiona hiyo mvua toka nje upesi ugeuze mgongo kwa jua, ndo saa ya upinde.

Kwanini chini ya mwembe madoa ya mwanga ni ya duara wakati matundu kati ya majani hayana umbo lolote?

Aliyeniuliza hili alikuwa mtoto wa darasa la tano, na ni swali bora kuliko mengi ya watu wazima.

Jiko la bibi yangu lilikuwa la bati lenye matundu ya misumari. Mchana moshi ukitanda unaona mshale wa mwanga umesimama kutoka juu mpaka sakafuni, vumbi linacheza ndani yake, na pale chini kuna doa la duara, safi, kama shilingi. Tundu lenyewe lilikuwa limechanika pembe tatu. Sasa duara limetoka wapi? Limetoka kwenye jua. Kila sehemu ya jua inatuma mwanga wake kwa mstari ulionyooka kupitia lile tundu dogo, ya kushoto inaangukia kulia, ya juu inaangukia chini, na mwisho wake sakafuni unapata picha ya jua, imepinduliwa. Lile doa ni picha. Chini ya mwembe umekaa kwenye mamia ya picha za jua.

Hili lilichunguzwa kwa kina na Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra mnamo 965, aliyefanya kazi Misri, na kitabu chake kikubwa cha mwanga na kuona kinaitwa Kitab al-Manazir. Hilo neno manazir ni mzizi mmoja na mandhari yetu ya Kiswahili. Kabla yake wapo wasomi wakubwa waliosema jicho linatoa miale inayokwenda kupapasa vitu, yeye akasimamia kwamba mwanga unatoka kwenye kitu unakuja jichoni, akajenga hoja zake kwa majaribio ya chumba cha giza na tundu.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na kule Rujewa mkoani Mbeya watu waliliona limebaki pete. Sisi tuliokuwa mbali tuliliona limemegwa tu. Siku hiyo sikulitazama jua, nilitazama chini ya mti. Madoa yote yalikuwa yamegeuka hilali, mamia kwa mamia, yanatikisika na upepo ardhini, kuku wanapita juu yake.

Basi nikitaka kutazama jua lililopatwa nifanyeje?

Miwani maalumu ya kupatwa kwa jua, au tundu kwenye kadibodi ukiwa umelipa jua mgongo na unatazama picha yake kwenye karatasi. Miwani ya jua ya kawaida hapana, filamu ya eksirei hapana, kioo kilichopakwa masizi hapana, na lile beseni la maji tulilolizoea nalo hapana, mng'ao wake bado una nguvu ya kuunguza. Nyuma ya jicho hakuna mishipa ya maumivu, unaungua na huhisi kitu, kesho yake ndo unagundua katikati ya unachotazama pana doa. Watoto msiwaache peke yao siku hiyo.

Kuna siku isiyo na kivuli?

Ipo, na kwetu inakuja mara 2 kwa mwaka. Sehemu yoyote iliyo kati ya tropiki mbili, yani ile mistari ya kaskazini na kusini ambako jua la utosini linaishia, jua linapita juu ya utosi kabisa siku mbili. Nairobi ni karibu na 17 Machi na 26 Septemba. Dar es Salaam ni siku za mwanzo za Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Simamisha chupa wima nje na utaona kivuli kimeingia chini yake chote. Ila sio saa 6 kamili, kwa Dar mwezi Machi ni saa 6 na dakika 35 hivi, kwa sababu saa zetu zimepangwa kwa mstari ulioko mashariki zaidi, huko baharini.

Lami ikipata jua mbona mbele inaonekana kama ina maji?

Yanaitwa mazigazi. Lami imechemka, hewa inayoigusa ni ya moto na nyepesi, ya juu yake imepoa kidogo. Mwanga unaotoka angani ukishuka kwenye ile hewa ya moto unapindishwa kwenda juu, unakuja jichoni kwako kutoka upande wa barabara. Ubongo unaamini mwanga umekuja umenyooka, kwa hiyo unakuambia pale chini kuna kitu kinang'aa, na wewe kitu kinachong'aa barabarani unakijua, ni maji. Kumbe unatazama kipande cha anga. Na sio macho yanadanganya, piga picha, na simu nayo itayatoa.

Kijiti kikiwa ndani ya maji kinavunjika?

Kimezama kizima, mwanga ndo umepinda ulipotoka kwenye maji kuingia hewani. Kwa sababu hiyohiyo kila kilicho ndani ya maji kinaonekana kimeinuka, ukitazama kutoka juu kina kinaonekana kama robo tatu tu ya kina cha kweli. Kina mama wanaochokoa pweza kwenye miamba maji yakitoka, na wavuvi wa mkuki, hawahitaji kufundishwa hili, mkono wao unalenga chini ya pale samaki anapoonekana.

Lakini naomba wazazi tulisikie. Shimo la maji linaloonekana mita moja na nusu linaweza kuwa mita 2. Mtoto anatazama kutoka ukingoni anaona sakafu, anajua atasimama, anaruka. Kila msimu wa mvua machimbo ya mchanga yanajaa maji na watoto wanaogelea humo. Waonyesheni kwa beseni: weka sarafu chini, rudi nyuma mpaka ukingo uifiche, halafu mwenzako amimine maji taratibu. Sarafu inapanda inaonekana, na hakuna aliyeigusa. Mtoto akishaona hilo kwa macho yake halisahau.

Mwezi ukichomoza mbona ni mkubwa kuliko ukiwa juu?

Sio mkubwa. Nyoosha mkono, uzibe kwa ncha ya kidole kidogo, subiri masaa manne yapite uuzibe tena, ni uleule. Ni ubongo unaukuza ukiwa karibu na miti na mapaa, na sababu yake kamili wanasayansi bado wanabishana. Ule wekundu wake ni wa kweli, ni habari ileile ya jua la jioni.

Kwanini wavuvi wa dagaa wanapumzika mwezi ukiwa mpevu?

Kwa sababu mwezi unawanyang'anya kazi. Dagaa wanavutwa na taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola, taa inaelea juu ya maji kwenye giza na samaki wanakusanyika chini yake, ndo nyavu inazungushwa. Ikija mbalamwezi bahari yote au ziwa lote limemwagiwa mwanga, taa ya mvuvi haina tofauti tena, dagaa wametawanyika. Na cha ajabu mwezi wenyewe hauna mwanga wake, na unarudisha kama asilimia 12 tu ya mwanga wa jua unaoupata, jiwe lake ni jeusijeusi karibu sawa na lami iliyochakaa. Unaonekana mweupe kwa sababu uko kwenye jua kali na nyuma yake ni giza tupu.

Radi ni nini hasa?

Ndani ya wingu kubwa la mvua kuna vipande vya barafu, vidogo na vikubwa, hata hapa kwetu kwenye joto, maana huko juu ni baridi kali. Vinagongana, vinabadilishana chaji za umeme, vyepesi vinapandishwa na upepo na vizito vinabaki chini, wingu linakuwa kama betri kubwa. Chaji ikizidi uwezo wa hewa kuizuia, inapasua njia. Hewa ya kwenye ile njia inafika joto la nyuzi 30,000 hivi, kama mara 5 ya uso wa jua, kwa muda mfupi mno, inatanuka kwa kishindo, na kile kishindo ndo ngurumo.

Mwanga unafika papo hapo, sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukiona mmweko anza kuhesabu: kila sekunde 3 ni kilomita moja. Ukifika 9 ndo ngurumo ikalia, radi imepiga kilomita 3 kutoka ulipo. Ikiwa chini ya sekunde 30 ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Ukanda wetu una radi nyingi kweli. Milima ya mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa zaidi duniani, na Ziwa Victoria halipo nyuma. Ziwani mvua kubwa zinakuja usiku kuelekea alfajiri, kwa sababu nchi kavu inapoa haraka, upepo unatoka pande zote unakutana katikati ya ziwa ambalo bado lina joto, hewa inapanda, wingu linajengeka. Na usiku ndo wavuvi wako huko, kwenye mtumbwi, wao ndo kitu kirefu kuliko vyote.

Nifunike vioo, nivue nguo nyekundu, nizime simu?

Kioo hakivuti radi. Nguo nyekundu haivuti radi. Simu iliyo mfukoni haivuti radi, ila iliyochomekwa kwenye chaja ni hatari, kwa sababu radi inaweza kuingia kwa nyaya. Mabomba ya chuma pia, acha kuoga mpaka itulie. Viatu vya mpira havikukingi, kitu kilichopasua kilomita kadhaa za hewa hakitazuiwa na soli.

Kikubwa ni hiki: usijikinge chini ya mti. Mwembe ukipigwa, umeme unaruka kutoka kwenye shina kuja kwa mtu, halafu unasambaa ardhini, unapanda mguu huu unashukia mguu ule. Ng'ombe wanakufa wengi kwa mpigo kwa sababu miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbali. Ukiwa uwanjani panda gari lenye bodi ya chuma ufunge vioo, kinachokulinda ni lile bati linalokuzunguka, matairi hayahusiki.

Na aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse. Mguse haraka. Wengi wanaokufa ni moyo tu uliosimama, na wengine wangeweza kuokolewa kwa kukandamizwa kifua huku mnatafuta gari la hospitali, lakini watu wanasimama mbali wanaogopa kumshika.

Kuna radi za kutumwa na mtu?

Nalijibu kwa heshima kwa sababu naulizwa na watu waliofiwa. Radi inafuata njia rahisi kwake, kitu kirefu, kilicho peke yake, chenye unyevu. Nyumba iliyo kilimani au mti ulio peke yake shambani vitapigwa kuliko vya bondeni, na mahali pamoja panaweza kupigwa mara nyingi, sio kwamba pamelengwa. Shule iliyo juu ya kilima inahitaji waya wa kuzuia radi wenye fimbo ya chuma juu ya paa na mwisho wake umezikwa ardhini. Mzee wa jirani hahusiki, tafadhali mwacheni.

Kuna mwanga tusiouona?

Mwingi kuliko tunaouona. Chukua rimoti ya tivii, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza kitufe. Kwenye simu nyingi utaona kitaa kinawaka cha zambarau au cheupe, wakati kwa macho hakuna kitu. Huo ni mwanga ulio nje ya nyekundu.

Zile rangi kwenye dimbwi lenye mafuta ya gari?

Mafuta yametandazwa mwembamba mno. Mwanga mmoja unarudi kutoka juu ya mafuta, mwingine kutoka chini yake, wakikutana mawimbi mengine yanafutana na mengine yanajazana, kutegemea unene wa mafuta pale. Povu la sabuni nalo ni hivohivo.

Vimulimuli vinawakaje bila kuungua, na bahari inayowaka usiku ni kitu gani?

Kimulimuli ana kemikali tumboni, inakutana na oksijeni na kimeng'enya, yani kitu cha mwilini kinachoiharakisha kazi hiyo, inatoa mwanga na karibu haitoi joto kabisa. Anamulika kutafuta mwenza, kila aina na mpigo wake. Baharini ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa jicho, vikitikiswa vinawaka bluu. Usiku wa giza, mwezi haupo, ingiza kafi majini ulivute, na ukitoa mkono utaona matone yenye cheche yanateremka mpaka kwenye kiwiko.

Nyota zinameta kwanini, na tunaziona za leo?

Zinameta kwa sababu hewa inatikisika, mwanga wa nyota ni mstari mwembamba na kila tabaka la hewa linausukuma huku na kule. Sayari hazimeti sana, ziko karibu, zina upana, ndo njia rahisi ya kuzitofautisha. Na ile inayodondoka sio nyota, ni kimondo, mara nyingi chembe kama punje ya mchanga inayoingia kwa kasi kubwa na kuwaka, ingawa viko vikubwa vilivyofika chini, kama cha Mbozi mkoani Songwe, urefu wake kama mita 3, karibu asilimia 90 ni chuma.

Za leo hapana. Mwezi wa tano au wa sita jioni, tazama kusini, tafuta nyota nne zilizokaa kama msalaba, pembeni yake kushoto kuna mbili kali zinazouelekea. Ile iliyo mbali zaidi na msalaba ni Alpha Centauri, kati ya majirani wa karibu kabisa wa jua letu. Mwanga wake umesafiri miaka 4 na zaidi kidogo. Ukiwa umembeba mgongoni mtoto wa miaka 3 ukamwonyesha, mwanga unaoingia machoni kwake ulikuwa umeshaanza safari kabla hajazaliwa.